Jina Lililokuwa Kinywani mwa Abundio

Usiku ule Petronila Ixcoy hakuvua hata shali. Alikaa jikoni, mgongo ukutani, simu mapajani, akiutazama moto ukijila wenyewe. Mbwa walibweka barabarani, na kila aliyebweka, Petronila alijua ni mbwa wa nani na anambwekea nani, maana ndivyo alivyokuwa tangu usichana wake: mtu wa kusikiliza. Marehemu mumewe alizoea kumtania, "Wewe Nila, ukienda kulala sikio moja unaliacha mlangoni." Mumewe mwenyewe alifia chini ya lori la kuni, na ni sikio hilohilo lililolisikia lori likiserereka kabla ya mtu yeyote kuja kubisha.

Jioni simu ilikuwa imelia mara moja tu. Aliyepiga alikuwa Melvin, kijana wa Honduras aliyepanga chumba kimoja na mwanawe Wenceslao, waliyemwita Lao, huko Marekani, katika mji mmoja wa Tennessee ambao Petronila hakuwahi kuweza kulitamka jina lake. Kijana alikuwa anahema kama mbwa aliyekimbizwa.

"Mama, Lao wamempiga. Tumelipwa leo, wakatuvizia nyuma ya duka. Chuma, mama. Walimpiga chuma cha kichwa, akaanguka, wakampiga tena yuko chini."

"Yu hai?"

"Alikuwa anapumua. Gari la wagonjwa limemchukua. Mimi nilikimbia, mama, nisamehe. Polisi walikuja na mimi sina karatasi."

"Hospitali gani? Melvin! Hospitali gani?"

Simu ikakatika. Alipoipiga yeye aliikuta imezimwa, na ikabaki imezimwa. Mkwe wake Eluvia, mke wa Lao, aliketi upande wa pili wa moto na mtoto mgongoni. Kila mmoja aliogopa kwamba mwenzake atalitamka lile neno ambalo likishatamkwa halirudi.

Kulipopambazuka Petronila alisimama, akachukua kisu.

Nyuma ya nyumba nguruwe alikuwa amefungwa tangu jana, nguruwe wa gulio la kesho, na gulio halimngoji mwenye msiba. Tangu awe mjane aliishi kwa kisu hicho. Mwanzoni wanaume wa kijiji chake, Pakaqja, walimcheka, eti mwanamke mchinja nguruwe. Wakanyamaza siku walipomwona anamlaza dume kwa goti moja na kummaliza kwa pigo moja, kutoka kooni hadi moyoni. Wakamwita Nila wa Nguruwe, jina la kejeli ambalo yeye alilivaa kama aproni. Kwa mafuta na ngozi za kukaanga alimlea Lao, akamsomesha hadi darasa la sita, akamwoza. Kwa mafuta hayohayo alimpeleka kwa koyoti, yaani mvushaji wa watu, ili avuke kwenda Kaskazini kama vijana wenzake.

Asubuhi ile pigo halikufika. Kisu kilipita pembeni, na nguruwe akapiga yowe ambalo kijiji kizima kilijua si la kawaida. Petronila akachoma tena. Akachoma tena. Damu ikamrukia usoni na kwenye shali, naye akazidi kuchoma huku akilia, wala hakuwa akimlilia nguruwe.

"Nan, mwache," Eluvia alisema nyuma yake, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Alishakufa zamani."

Petronila akatazama. Kweli, alikuwa anachoma mzoga.

"Wamesemaje huko?" akauliza bila kugeuka.

"Nimezipigia hospitali zote za mji ule. Wananiunganisha na mkalimani wa Kihispania, namtajia, Wenceslao Tzul Ixcoy, wanatafuta, wanasema hakuna mtu wa jina hilo. Pote hivyohivyo."

"Ubalozi je?"

"Simu yao inapiga muziki tu."

Nan Tomasa, mwenye kinu cha mahindi pale uwanjani, alikuwa ameshaingia kwa mlango wa nyuma, unga hadi kwenye nyusi. Yowe la nguruwe ndilo lililomleta. Alikuwa mwanamke wa huruma nyingi na akili chache za kuitumia. "Pole, dada," akasema. "Lakini fanyeni upesi. Shangazi yangu aliniambia, kule mgonjwa asiye na mtu wake hawamwachi kwenye mashine. Siku mbili tatu, wanazima."

"Tomasa, funga mdomo."

"Nasema nilivyosikia."

"Basi usisikie tena."

Tomasa alipoondoka, Eluvia akaketi kwenye ukingo wa karo, akaanza kuuma kucha. "Nan," akasema taratibu, "labda yupo. Labda sisi ndio tunaotaja jina lisilokuwepo. Kule kazini yeye si Wenceslao. Unakumbuka? Alinunua jina. Bila jina la mtu mwenye karatasi hawakupi kazi ya kuezeka mapaa."

Petronila akashusha kisu. "Jina la nani?"

"Hakuniambia. Alisema nisipolijua sitaweza kulitaja kwa mtu. Hata Melvin alimficha, Melvin amefika juzi tu."

"Nani kamuuzia?"

Hakukuwa na haja ya kuuliza. Katika Pakaqja nzima mtu aliyeweza kukuvusha na kukupa jina la kwendea alikuwa mmoja tu.

Petronila alitoka vilevile alivyo, damu imeanza kukauka mikononi.

Nyumba ya Abundio Sapón ilisimama katikati ya nyumba za udongo kama jino la dhahabu katika kinywa kibovu: ghorofa tatu, vioo vya buluu, geti la chuma lenye tai wawili. Watu walimwita Tat Abundio, yaani baba Abundio, na kuvua kofia, kisha wakatema mate akishapita. Nusu ya vijana wa kijiji walipita mikononi mwake. Wengi walifika, wakatuma simu na viatu. Wachache hawakufika. Otilia, binti wa Isidoro shemeji yake Petronila, alikuwa mmoja wa hao wachache. Jangwa lilimbakiza, na Abundio alirudi na kusema msichana alikuwa mzito wa miguu.

Abundio alifungua geti kiasi cha uso wake. Alikuwa na mswaki mkononi.

"Habari za asubuhi, Tat. Nisamehe kwa damu, natoka kuchinja."

"Naona. Umechinja nguruwe au mmepigana?"

"Lao yuko hospitali kule. Wamempasua kichwa. Naomba lile jina."

"Jina gani?"

"Ulilomuuzia."

Abundio akacheka kwa pua. "Mimi navusha watu, Nan. Majina anauza padri, siku ya ubatizo."

"Tat Abundio, hospitali wanasema hayupo kwa sababu hatujui anaitwaje. Nitajie tu. Sitamwambia mtu."

"Unamwambia kila mtu sasa hivi kwa sauti hiyo!" Alitazama barabara juu na chini. "Sikiliza. Jina hilo lina mwenyewe, na mwenyewe ana serikali. Likianza kuulizwaulizwa kwenye simu, kesho watu wananijia mimi, si wewe. Rudi kakaange ngozi zako. Lao ni kijana mgumu, atapona tu."

"Na wakimzimia mashine?"

"Basi atakuwa amefika mbali kuliko Otilia," alisema Abundio, na pengine alikuwa anatania, maana alirudisha mswaki mdomoni na kufunga geti bila haraka. Komeo likalia ndani.

Petronila alibaki amesimama mbele ya tai wawili wa chuma.

Sasa, katika Pakaqja kila nyumba ina filimbi. Desturi hiyo ilianza wakati wa majambazi, polisi wakiwa mbali na hawaji. Petronila aliivaa yake shingoni pamoja na kisalaba. Filimbi ina maana moja tu: mhalifu ameshikwa, njooni na fimbo. Anayepuliza lazima anyooshe kidole. Akipuliza bure, fito zinamgeukia yeye. Na ikishalia hakuna wa kuirudisha, hata aliyeipuliza. Petronila aliyajua hayo yote. Aliwahi kuona watu wakinyolewa kichwa na kuchapwa fito mgongoni, wakaomba radhi, yakaisha. Aliwahi kuona pia wale ambao hayakuishia kwenye fito.

Alijiambia kwamba watamchapa mgongo. Watamchapa mgongo mbele ya watu, atalitaja jina kabla jua halijapanda, na mimi nitampigia mwanangu. Alifikiri hivyo kweli. Mfa maji hutapatapa, na akitapatapa hachagui anachokishika.

Akapuliza.

Filimbi ya kwanza ikajibiwa na ya pili kutoka bondeni, ikajibiwa na nyingine kule kwenye misonobari, kisha kengele ya kanisa ikaanza, na mara kila upande ulikuwa miguu inayokimbia. Wanawake walikuja na mitwangio, wanaume na mapanga na mipini ya majembe. Mbele yao alikuwa Isidoro, ambaye mwaka ule ndiye aliyeshika fimbo ya uongozi wa kijiji, fimbo nyeusi yenye kichwa cha fedha. Alikuwa mwembamba, amekonda zaidi tangu jangwa limchukue binti yake.

"Nani, Nila?"

Angeweza kusema ni kosa. Angeweza kukubali fito zimgeukie yeye. Alinyoosha kidole getini.

Isidoro akatabasamu. Petronila hakuwa amemwona akitabasamu tangu Otilia apotee.

"Nataka aseme jina tu, shemeji," akasema haraka. "Jina la Lao la kule. Lao yuko hospitali."

"Atasema," Isidoro akajibu. "Leo atasema mengi."

Geti halikudumu. Waling'oa bawaba kwa nondo, tai mmoja akapinda shingo, vioo vya buluu vikaanza kuanguka vipandevipande. Mke wa Abundio alipiga kelele ghorofani na kurusha chini chochote alichoshika: vyungu vya maua, redio, kiti. Abundio alitolewa akiburutwa kwa miguu, kichwa kikigonga kila ngazi, povu la dawa ya meno bado liko kwenye kidevu. Mtu mmoja akasema, "Angalau atakufa meno masafi," na watu wakacheka kicheko kile cha watu wengi ambacho hakina mwenyewe.

Walimburuta hadi uwanjani, wakamvua shati, wakampigisha magoti kwenye kokoto. Fito zikaanza. Kila fito iliacha mstari mweupe, kisha mwekundu, kisha mistari ikaunganika ikawa kitu kimoja. Petronila alisogea mbele, akapiga magoti karibu naye.

"Sema jina, Tat. Litaje, nitawaambia waache."

Abundio alimtazama kwa chuki tupu. "Umenichinja, mwanamke," akasema.

"Jina!"

Isidoro akamsukuma Petronila pembeni kwa goti. "Langu kwanza. Otilia yuko wapi?"

"Nilikwambia. Alichoka. Jua—"

"Ulimwachia maji?"

Abundio akainamisha macho kwenye kokoto. Macho yale ndiyo yaliyokuwa jibu, na kila mtu pale uwanjani aliliona. Isidoro akainua ile fimbo ya kijiji na kuishusha mdomoni mwa Abundio. Jino lilitoka, likaruka, likatua kwenye kokoto kama punje ya mahindi. Damu ikajaa kidevuni, na Petronila akaona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona: jina la mwanawe limo katika kinywa kile, na kinywa kinavunjwa.

"Msimpige mdomoni!" akapiga kelele. "Mpigeni kwingine! Mgongo! Miguu! Mdomo mwacheni!"

"Sikia Nila wa Nguruwe anachagua nyama," mtu akasema, na wakacheka tena.

Fimbo ikashuka mara ya pili. Abundio alijikinga kwa mkono, na vidole vikavunjika kwa mlio wa kuni kavu. Wakamgeukia sasa wote, si kwa fito tena. Mitwangio. Mateke. Mama mmoja mzee, ambaye mjukuu wake pia hakufika, alimpiga na kiatu, akilia, akimpiga bila nguvu, akimpiga tu. Kisha sauti ikasema neno "petroli", na neno likapita mdomo kwa mdomo hadi nyuma ya umati, na dumu la njano likarudi mbele kwa njia ileile, mkono kwa mkono.

Wakalifungua. Wakammwagia.

Petroli ina tabia moja: ikishamwagwa, hata mwenye hasira kali hurudi nyuma hatua. Duara likapanuka. Mtu akapapasa mfukoni akitafuta kiberiti, na katikati ya duara alibaki Abundio peke yake, amelowa, anakohoa.

Petronila hakuwaza. Aliingia dimbwi lile la petroli, akamshika chini ya makwapa kama amshikavyo nguruwe aliyegoma kuingia zizini, akamburuta. Mwili ulikuwa mzito na unateleza kwa damu. Kibanda cha kinu cha Tomasa kilikuwa ng'ambo ya uwanja, mlango wa chuma uko wazi, maana Tomasa mwenyewe alikuwa amesimama kizingitini na bakuli la unga, mdomo wazi.

"Nila! Mwache!" Isidoro alipiga kelele. "Washa!" mwingine akasema. "Usiwashe, na yeye amelowa! Utamchoma Nan!" wa tatu akapaza sauti.

Kweli, sketi yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Hiyo ndiyo iliyompitisha. Alimpiga Tomasa kikumbo akamtoa nje, akamvuta Abundio ndani, akafunga mlango, akashusha komeo. Lilikuwa komeo nene kama mkono. Tomasa aliliweka kwa ajili ya walevi wa sikukuu.

Jiwe la kwanza liligonga chuma mara hiyohiyo.

Ndani kulikuwa na giza la unga na harufu ya mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, na juu yake petroli. Abundio aliegemea mashine ya kusagia. Mdomo wake ulikuwa umevimba kama kiazi, lakini ulimi ulifanya kazi.

"Jina," Petronila akasema.

"Nitoe hai kwanza."

"Nimekutoa!"

"Umenitoa duarani ukaniweka sandukuni. Nikikwambia sasa hivi utafungua komeo hilo, utaenda zako kupiga simu. Unafikiri sikujui? Mimi ndiye niliyefunga geti. Ningekuwa wewe ningefungua."

"Mwanangu anakufa!"

"Na mimi nafanya nini?"

Akamrukia. Akaukamata ule mkono wenye vidole vilivyovunjika na kuukamua kwa nguvu zake zote, na yowe la Abundio likawa lilelile la nguruwe wa asubuhi. Nje watu wakashangilia, wakidhani amefanya kazi yao. "Jina! Jina! Jina!" Abundio alipiga kichwa chake kwenye mashine, akatapika, akalia kama mtoto, na hakulitaja. Petronila akamwachia. Viganja vyake vilikuwa vinateleza. Kwa mara ya kwanza akaelewa kwamba mtu huyu amekaa nusu ya maisha yake kati ya watu wenye bunduki jangwani, na maumivu hayamfundishi kitu kipya.

"Apa," Abundio akasema, akitema damu. "Apa hutafungua hadi polisi wa mjini waje. Mke wangu lazima ameshawapigia."

"Naapa."

"Si hivyo. Kwa uhai wa Lao."

Mlango ulikuwa unapigwa kwa kitu kizito sasa, kwa kipimo, kama watu wanaotwanga. Kuna maneno ambayo mama hayatamki hata kwa mchezo. Hata akiwa na hasira ya kuua hawezi kuweka kichwa cha mwanawe mezani kama rehani. Lakini alikuwa na mwana mmoja, na hakuwa na kitu kingine cha kuweka.

"Naapa kwa uhai wa Wenceslao mwanangu," akasema. "Nikifungua kabla ya polisi, Mungu amchukue."

Abundio akafumba macho. "Efraín Maldonado Rivera," akasema. "Mzaliwa wa Puerto Rico. Tarehe nne mwezi wa Machi, themanini na tisa. Wakikuuliza wewe ni nani, usiseme mama. Mama yake Efraín alishakufa. Sema shangazi."

Petronila alikuwa ameshapiga simu. "Eluvia! Andika, hapana, usiandike, rudia baada yangu: Efraín Maldonado Rivera." Alilirudia mpaka Eluvia akalishika, kisha akakata, akangoja. Kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko usiku mzima. Mlango ulipigwa, bawaba ya chini ikaanza kutema kutu.

Simu ikalia. Eluvia alikuwa na simu mbili, amezibusisha mdomo kwa mdomo, na sauti zilifika kama kutoka chini ya kisima.

"Nan, yupo! Yupo! Mkalimani anasema wana mgonjwa wa jina hilo. Wamekuwa wakimtafutia ndugu tangu jana. Wanataka kumfungua kichwa, damu imejaa ndani, wanataka ruhusa. Wanauliza wewe ni nani."

Petronila alimtazama Abundio. Abundio alitikisa kichwa: shangazi, shangazi.

"Waambie ni mama yake," akasema. "Waambie jina ni la uongo, mama ni wa kweli. Ana kovu la mafuta ya moto, mkono wa kulia, kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo, mafuta yangu mimi mwenyewe. Waangalie."

Mtu wa mbali alisema kitu kwa Kiingereza. Mkalimani akasema kitu kwa Kihispania. Eluvia akaanza kulia kabla ya kutafsiri.

"Wameliona, Nan. Wanasema utoe ruhusa kwa mdomo wako. Sema ndiyo kwa Kihispania, sí."

"Sí," akasema Petronila. "Sí. Sí."

"Wanasema wanampeleka sasa hivi. Nesi anasema hasikii, lakini ukitaka ataweka simu sikioni. Kidogo tu."

Pigo la mlango likaanguka. Petronila akaweka mgongo wake kwenye chuma, akafunika simu kwa kiganja ili mwanawe asiyasikie mapigo.

"Lao," akasema kwa lugha ya nyumbani. "Lao, ni mimi. Tumekupata, baba. Usiogope wakikunyoa. Mtoto ameota jino. Umenisikia? Hiyo kelele ni mvua ya mawe tu, unajua mvua za huku. Kaa huko. Usiende popote. Kaa."

Kulikuwa na mlio wa mashine, taratibu, mmoja baada ya mwingine. Kisha sauti ya mwanamke ikasema kitu kwa upole, na simu ikafa.

Petronila aliteleza chini hadi akakaa sakafuni. Kutoka nje alisikia mlango wa nyumba yake ukifunguliwa, na sauti ya Eluvia ikikata uwanja: "Amepatikana! Lao amepatikana!" Watu wakapiga kelele, wengine wakacheka, wengine wakalia, walewale waliokuwa na mitwangio. Kupiga mlango kukakoma.

Isidoro akaja karibu. Alijua ni yeye kwa kukohoa kwake. Sauti ilipita kwenye ufa wa mlango, ya chini, karibu ya kubembeleza.

"Nila. Nimefurahi. Kweli nimefurahi, Lao ni damu ya kaka yangu."

"Ahsante, shemeji."

"Basi toka. Umeshapata lako. Toka, nenda nyumbani, kanawe. Mwache huyo."

Abundio alikuwa analitazama komeo, kisha Petronila, kisha komeo. Mtu aliyezoea kuwaacha watu nyuma hahitaji kuelezwa.

"Nila, unanisikia? Hukumwona Otilia akienda? Alipita kwako siku ile kukuaga. Ulimpa ngozi za njiani kwenye kitambaa."

"Nilimpa."

"Wako umempata. Wangu nitampata wapi? Nipe huyo tu. Siombi kingine."

Alisema kweli. Petronila alimpenda Otilia. Na mtu huyu aliyelala miguuni pake akinuka petroli hakuwahi kumpenda mtu. Kama si kiapo, mkono wake ungeshakwenda kwenye komeo. Alijua hivyo, na kujua kulimtisha kuliko mawe. Lakini huko mbali, chini ya taa nyeupe, walikuwa wanamwekea Lao kisu kichwani wakati huohuo, na yeye alijua visu. Alijua jinsi mkono unavyoweza kupita pembeni.

"Siwezi, Isidoro," akasema. "Nimeapa kwa uhai wake. Ngoja watoke kumpasua. Ngoja tu."

"Sijaapa mimi," Isidoro akasema, na kubembeleza kukaisha katika sauti yake.

Nondo ikaingizwa kwenye ufa. Bawaba ya chini ililia. Petronila akajipanga, mgongo kwenye chuma, visigino kwenye mguu wa mashine, akasukuma nyuma kwa nguvu zote za mwanamke anayelaza madume kwa goti moja. Abundio alijikokota, akaegemeza bega lake bovu kando ya lake. Hakumtazama, wala yeye hakumtazama. Nondo ikavutwa. Mlango ukapanda kidogo, mwanga mwembamba ukaingia chini, ukapotea.

Mbali sana, upande wa barabara ya mjini, kulikuwa na kitu ambacho huenda kilikuwa king'ora cha polisi na huenda kilikuwa upepo. Hata sikio lake halikuweza kujua. Nondo ikaja tena, na mlango ukabaki umefungwa.